Mashimo ya milipuko ya volkeno na maziwa yake: maji yalishiriki kuchimba

Wanajukwaa, salaam.

Ziwa la kreta huelezwa mara nyingi kwa sentensi moja: mlima ulilipuka, shimo likabaki, mvua ikanyesha, shimo likajaa. Kwa baadhi ya maziwa maelezo hayo yanatosha. Kwa mashimo ninayotaka kuyajadili katika uzi huu hayatoshi hata kidogo, kwa sababu mengi yake yalitokea mahali ambapo hapakuwa na mlima wowote, na maji hayakusubiri kuja kujaza kazi iliyofanywa na moto. Maji yenyewe yalishiriki kuchimba. Naamini mtu akilishika jambo hilo, maswali mengi kuhusu maziwa haya (kwa nini moja lina chumvi na jingine lina maji matamu, kwa nini moja liliua watu na jingine halijawahi kumdhuru mtu, kwa nini tope la chini hutunza historia ya mvua ya maelfu ya miaka) yanarudi kwenye swali moja: maji haya yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na yanachanganyika kiasi gani?

Wanajiolojia huyaita mashimo haya maari. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, hupanda kutoka chini kupitia ufa ambao mara nyingi unene wake ni mita chache tu, kisha hukutana na miamba au mchanga ulioshiba maji. Magma ya basalti huwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, na maji yanapogeuka kuwa mvuke katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, ujazo wake huongezeka zaidi ya mara 1,600. Yakipata njia ya kutoka taratibu, tutaona chemchemi za moto na mvuke unaofuka. Lakini maji na magma vikivurugana ghafla, magma hupasuka vipande vidogo, kila kipande huyapa maji uso mpya wa moto, mvuke unaotokea huipasua magma zaidi, na mambo yote hayo hukamilika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Anayetaka picha ndogo ya jambo hili na akumbuke tone la maji linapodondokea kwenye mafuta yanayochemka.

Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kishindo hutegemea sana uwiano. Maji yakiwa machache mno hugeuka mvuke bila kuifanya magma kazi kubwa. Yakiwa mengi mno huipoza kabla haijapasuka vya kutosha. Nguvu kubwa zaidi hupatikana katikati, pale ambapo kwa uzito kuna takriban sehemu moja ya maji kwa sehemu tatu za magma. Ndiyo maana volkeno ileile inaweza kulipuka vikali leo na kesho ikatiririsha lava kwa utulivu, ilhali magma haijabadilika. Kilichobadilika ni maji.

Kuzaliwa kwa maari kumeshuhudiwa. Tarehe 30 Machi 1977, katika rasi ya Alaska, nchini Marekani, milipuko ilianza mahali ambapo hapakuwa na volkeno iliyokuwa ikijulikana. Ilipokoma tarehe 9 Aprili, kulikuwa na mashimo mawili ambayo leo huitwa Ukinrek: la magharibi lenye upana wa takriban mita 170 na kina cha mita 35, na la mashariki lenye upana wa takriban mita 300 na kina cha mita 70. Katika shimo la mashariki lava ilianza kujikusanya sakafuni, lakini baada ya muda maji yaliifunika, na leo kuna ziwa. Siku kumi tu za milipuko zilitosha. Mimi huona jambo hili ni la kushangaza kuliko mlima mkubwa uliojengwa kwa miaka laki kadhaa, maana hapa tunaona umbo zima la nchi likitengenezwa kwa muda mfupi kuliko mwandamo mmoja wa mwezi.

Ukingo wa maari unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa humo ndimo ushahidi ulimohifadhiwa. Tofauti na koni ya volkeno, ambayo ni kilima kilichojengwa juu ya ardhi, sakafu ya maari iko chini ya usawa wa ardhi ya awali, na ukingo wake ni duara la chini, lenye mteremko mpole kwa nje na mkali kwa ndani. Mahali ambapo barabara au mto umeukata ukingo huo, utaona matabaka membamba ya majivu na kokoto, mamia kwa mamia, kila moja likiwa limeachwa na mlipuko au na wingu lililotambaa juu ya ardhi. Katikati ya matabaka hayo hukaa mawe makubwa ambayo hayana asili ya magma kabisa: ni vipande vya miamba ya eneo hilo, iwe matale, chokaa au mchanga, vilivyong’olewa chini na kurushwa. Tazama chini ya jiwe kama hilo. Matabaka yamebonyea, yamekunjwa kuelekea chini bila kukatika, kwa sababu jiwe lilianguka juu ya majivu yaliyokuwa bado yamelowa na laini. Na matabaka yaliyofuata yamepita juu yake kwa utaratibu, yakilifunika. Mkunjo huo mmoja unakuambia kwamba jiwe lilitoka angani, kwamba majivu yalikuwa na maji, na kwamba milipuko iliendelea baada ya jiwe kutua.

Mawingu yanayotambaa niliyoyataja ndiyo hatari kubwa ya mlipuko wa aina hii. Mlipuko wa volkeno ya Taal, nchini Ufilipino, mwaka 1965 uliwawezesha wanasayansi kuyatambua vizuri: miti iliyosalia ilikuwa imekwanguliwa na kupakwa tope upande mmoja tu, ule ulioelekea kreta. Wingu la namna hiyo lilikuwa limeonekana kabla ya hapo katika jaribio la bomu la nyuklia lililofanywa chini ya maji huko Bikini mwaka 1946, na ulinganifu huo ndio uliosaidia kueleza kilichotokea Taal.

Chini ya shimo kuna jambo ambalo bado linawagawa wataalamu. Maari si sahani iliyolala juu ya ardhi. Chini yake huwa kuna bomba lenye umbo la karoti, linaloweza kushuka kilomita moja au mbili, lililojaa vipande vya miamba vilivyochanganyika na magma iliyoganda. Mwanajiolojia wa Kijerumani Volker Lorenz alieleza kwa miaka mingi kwamba milipuko huanza karibu na uso wa ardhi, huyamaliza maji yaliyo jirani, kisha hulazimika kushuka chini zaidi kuyafuata, na kadiri inavyoshuka bomba huongezeka urefu na kreta huongezeka upana. Mwaka 2012 Greg Valentine na James White walipendekeza picha tofauti: milipuko inaweza kutokea katika kina chochote ndani ya bomba, lakini ile iliyo chini sana hubanwa na uzito wa miamba na haifiki juu, kwa hiyo vitu vinavyotua ukingoni hutokana hasa na milipuko ya mita mia moja au mbili za juu. Kwangu maelezo haya ya pili yana nguvu zaidi, kwa sababu katika kingo nyingi miamba iliyotoka kina kirefu ni michache kuliko ambavyo tungetarajia kama kazi yote ingekuwa inashuka hatua kwa hatua. Hata hivyo, hoja ya Lorenz kwamba maji ndiyo yanayoongoza mchezo mzima haijatikisika.

Sasa tuje kwenye ziwa. Shimo lililochimbwa hadi chini ya usawa wa maji ya ardhini litajaa hata kama mvua ni chache, kwa kuwa maji yaleyale yaliyokutana na magma yanarudi kutoka pembeni. Mvua huongeza sehemu yake, lakini kumbuka kwamba eneo linalomwaga maji ndani ya maari ni dogo sana, mara nyingi ni kuta zake tu. Mito haifiki, kwa sababu ukingo umeizuia. Matokeo yake ni ziwa ambalo bajeti yake ya maji ni rahisi kuihesabu kuliko ya ziwa lolote kubwa, na rahisi kuivuruga.

Linganisheni maziwa mawili ya Afrika Mashariki. Ziwa Chala, mpakani mwa Kenya na Tanzania, si maari ya kitabuni. Ni kreta kubwa ya volkeno ubavuni mwa Kilimanjaro. Halina mto unaoingia wa kudumu wala unaotoka, na bado maji yake ni matamu. Sehemu kubwa ya maji hayo ni mvua iliyonyesha juu kwenye msitu wa mlima, ikazama, ikasafiri chini ya ardhi hadi ziwani. Na kutoka ziwani mengine huendelea na safari yake chini kwa chini, yakiondoka na chumvi. Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, limo ndani ya kreta ya mlipuko halisi. Chemchemi huliingizia maji yenye madini, lakini njia kuu ya kutoka ni jua. Maji huondoka, chumvi hubaki, na watu wamevuna chumvi hapo kwa karne nyingi. Tofauti yote kati ya maziwa hayo mawili imo katika mlango wa kutokea.

Nitaishia hapa kwa sasa ili wenye maswali wachangie.

Mchangiaji: Mkuu, nashukuru kwa mada hii. Naomba ufafanuzi: je, Ngorongoro nayo ni maari? Na lile ziwa maarufu la Oregon, Marekani?

Mleta uzi: Hapana, ndugu. Zote mbili ni kaldera. Kaldera hutokea pale ambapo ghala la magma chini ya volkeno kubwa linapomwagwa, paa lake likakosa kitu cha kulishikilia, na mlima ukadidimia. Ziwa la Oregon, Crater Lake, limo ndani ya Mlima Mazama uliodidimia yapata miaka 7,700 iliyopita, na kina chake kinafikia mita 594. Hakuna maari yenye kina kama hicho. Maari nyingi zina upana wa mita mia kadhaa hadi kilomita mbili. Zile kubwa kabisa zinazojulikana ziko kaskazini-magharibi mwa Alaska, ambako magma ilipenya ardhi iliyoganda barafu na kuacha mashimo ya kilomita kadhaa. Inaaminika kwamba barafu iliyeyuka kidogo kidogo na hivyo ikaendelea kutoa maji kwa kiwango kilekile kinachofaa kwa mlipuko, badala ya kuyamwaga yote kwa mara moja. Mnaona tena: uwiano.

Mchangiaji: Ndugu mleta uzi, karibu kila ziwa la namna hii husemwa kwamba halina mwisho, kwamba kamba yoyote inayoshushwa haifiki chini. Kuna ukweli wowote?

Mleta uzi: Vina vimepimwa, mkuu, na mwisho upo. Pulvermaar, katika eneo la Eifel nchini Ujerumani, ina kina cha zaidi ya mita 70. Ziwa Pavin la Ufaransa lina mita 92 ndani ya kreta yenye upana usiozidi sana mita 750. Chala lina zaidi ya mita 90, Nyos la Kameruni lina takriban mita 208. Ninaelewa imani hiyo inakotoka, kwa kuwa kuta za mashimo haya huzama kwa mteremko mkali tangu ukingoni, na mtu akipiga hatua chache tu ndani ya maji hakanyagi tena.

Lakini swali lako linagusa jambo ambalo kwangu ni tamu kuliko kina chenyewe. Sakafu tunayoipima leo si sakafu ya kreta. Ni juu ya mashapo. Mwaka 2016 mradi wa kimataifa wa uchimbaji ulitoboa sakafu ya Ziwa Chala na kutoa nguzo za tope zenye jumla ya mita 215 kwenda chini, zikiwakilisha takriban miaka 250,000. Maana yake ni kwamba chini ya mita tisini za maji kuna zaidi ya mita mia mbili za tope ambalo limekuwa likitua polepole, kwa wastani chini kidogo ya milimita moja kwa mwaka, tangu kabla ya kuwapo kwa kilimo, ufinyanzi au maandishi.

Nguzo ya tope hilo ikipasuliwa katikati, sehemu zake nyingi huonyesha mistari miwili miwili, mweupe na mweusi, kila jozi ikiwa nyembamba kama ukucha. Mstari mweupe umejaa maganda ya diatomu, mwani mdogo sana wenye ganda la silika, ambao hustawi katika miezi ya upepo na ubaridi, kati ya Juni na Septemba, wakati upepo unapokoroga ziwa na kupandisha virutubisho. Mstari mweusi hutua katika miezi ya joto, maji yanapotulia na mabaki ya viumbe kuzama. Mwaka wenye upepo mkali huacha mstari mweupe mnene, na mwaka wa mvua nyingi na upepo hafifu huacha mstari mwembamba. Kwa kuwa chini kabisa hakuna oksijeni, hakuna mnyoo wala konokono wa kuyafukua matabaka hayo. Yanabaki jinsi yalivyotua.

Mchangiaji: Kwa hiyo ukosefu wa oksijeni ndio unaohifadhi? Nimesoma kuhusu visukuku vya Messel, je, vinahusiana na jambo hili?

Mleta uzi: Vinahusiana moja kwa moja. Messel, karibu na Darmstadt, Ujerumani, lilikuwa ziwa la maari yapata miaka milioni 48 iliyopita, na uchimbaji wa kisayansi wa mwaka 2001 ulithibitisha hivyo baada ya kupita kwenye mashapo ya ziwa na kukuta chini yake majivu na miamba iliyovunjwa na mlipuko. Kilichotua humo kimebaki kwa namna ambayo ni vigumu kuiamini: popo ambao chakula chao cha mwisho bado kimo tumboni, mbawakawa ambao maganda yao bado yanang’aa kwa rangi, farasi wadogo waliokufa wakiwa na mimba. Na mahali hapo palipangwa kugeuzwa dampo la taka! Upinzani wa muda mrefu uliukwamisha mpango huo, na mwaka 1995 Messel iliandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kila ninapoona shimo la kreta likichukuliwa kuwa mahali pa kutupia uchafu, kwa hoja kwamba ni shimo tu, huwakumbuka wale popo.

Mchangiaji: Mkuu, samahani kwa kuuliza jambo zito. Yale mauaji ya Ziwa Nyos yalitokeaje hasa? Na je, maziwa mengine ya kreta yanaweza kufanya hivyo?

Mleta uzi: Ni jambo zito kweli, na linastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa ghafla wingu kubwa la kaboni dioksidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo ilifuata mabonde kama maji yanavyofuata, ikaingia vijijini wakati watu wamelala, ikaiondoa hewa yenye oksijeni. Watu wapatao 1,700 walikufa, wengine umbali wa kilomita 25 kutoka ziwani, pamoja na mifugo maelfu. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 15 Agosti 1984, Ziwa Monoun katika nchi hiyohiyo lilikuwa limeua watu 37, na chanzo chake hakikuwa kimeeleweka na wengi.

Hapakuwa na mlipuko wa magma usiku ule. Kaboni dioksidi kutoka kina kirefu cha dunia huyeyuka katika maji ya ardhini, nayo huingia ziwani kupitia chini. Kwenye kina cha mita 200 mgandamizo ni takriban mara 21 ya ule wa juu ya uso, na maji yaliyobanwa hivyo huweza kubeba gesi nyingi sana yakiwa yametulia. Maji hayo yenye gesi na madini ni mazito, hivyo hukaa chini. Juu yake kuna maji mepesi, na katika ukanda wa joto hakuna msimu wa baridi kali wa kuyapoza hadi yazame na kuyakoroga yote. Kuta ndefu nazo huuzuia upepo. Basi gesi hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka. Kitu kikiyasukuma maji ya chini kwenda juu, labda maporomoko ya ardhi, labda upepo na mvua baridi, maana wataalamu hawajakubaliana, mapovu huanza kutoka. Mapovu huyafanya maji yawe mepesi, maji mepesi hupanda kwa kasi, yakipanda hutoa mapovu zaidi, na ziwa lote hupinduka.

Tiba iliyopatikana hutumia nguvu hiyohiyo ya ugonjwa. Mwaka 2001 bomba la wima lilishushwa hadi karibu na sakafu ya Nyos. Maji ya chini yalivutwa kwa pampu mwanzoni tu. Yalipofika kimo ambapo gesi huanza kutoka, mapovu yaliyasukuma yenyewe, pampu ikazimwa, na maji yakaruka juu ya uso wa ziwa kwa kimo cha karibu mita 50. Monoun lilipata bomba lake mwaka 2003, na Nyos likaongezewa mabomba mawili mwaka 2011. Gesi iliyolimbikizwa imepunguzwa sana tangu hapo.

Kuhusu maziwa mengine, hatari inahitaji masharti yote kwa pamoja: chanzo cha gesi kilicho hai, kina kirefu, na maji ya chini yasiyochanganyika na ya juu. Maziwa mengi ya kreta yanakosa angalau sharti moja. Mengine ya Ujerumani hutoa mapovu ya kaboni dioksidi hadi leo, lakini baridi huyakoroga. Pavin la Ufaransa halichanganyiki kikamilifu ingawa liko kwenye nchi ya baridi, ndiyo maana huchunguzwa kwa makini. Ziwa Kivu, ambalo si la kreta bali la bonde la ufa, lina takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani; hilo linahitaji uzi wake.

Mchangiaji: Nauliza kuhusu samaki. Ziwa lisilo na mto, samaki wanafikaje, na wakifika inakuwaje?

Mleta uzi: Kufika ni suala la bahati: mafuriko ya zamani, ndege, au binadamu. Wakishafika, wamefungiwa, na hapo ndipo sayansi inanufaika. Ziwa Masoko, katika eneo la Rungwe kusini mwa Tanzania, ambalo pia huitwa Kisiba, ni maari yenye kina cha mita 38 hivi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba samaki wa jamii ya sikilidi waliomo wanagawanyika katika makundi mawili: madume wenye rangi ya manjano na kijani karibu na ufuko, na madume wa buluu kwenye kina cha mita ishirini na zaidi, ambako mwanga ni hafifu. Mgawanyiko huo ulianza kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita tu. Hakuna mlima wala mto uliowatenganisha. Wametenganishwa na mwanga, chakula na chaguo la majike ndani ya bakuli moja la maji, na makundi hayo bado yanaweza kuzaliana. Kwa mtaalamu wa mageuzi ya viumbe hii ni fursa adimu, na kwa sababu hiyohiyo ningeomba asiwepo mtu wa kupandikiza samaki wageni humo kwa nia njema ya kuongeza kitoweo.

Mchangiaji: Mimi nina hoja ya upinzani kidogo. Duara lenye ziwa katikati linaweza pia kuwa limetokana na kimondo. Tutatofautishaje?

Mleta uzi: Ni hoja ya haki, na wakubwa wamewahi kuteleza hapo. Grove Karl Gilbert, mmoja wa wanajiolojia mahiri wa Marekani, alilichunguza shimo kubwa la duara lililoko Arizona mwaka 1891 na kuhitimisha kwamba lilitokana na mlipuko wa mvuke. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walipata humo koesaiti, aina ya silika inayohitaji mgandamizo mkubwa mno, ambao mvuke hauwezi kuufikia, na shauri likaisha: ni kimondo. Tswaing, kaskazini mwa Pretoria, lenye ziwa la chumvi na upana wa kilomita moja na kidogo, lilibishaniwa kwa miongo mingi hadi sampuli za uchimbaji wa kina zilipoonyesha kwatzi (madini magumu ya silika) iliyopasuliwa na mshtuko. Bosumtwi la Ghana, lenye upana wa kilomita kumi na nusu, ni la kimondo pia. Kwa hiyo duara peke yake halithibitishi kitu. Nenda ukingoni: matabaka mengi ya majivu yenye mikunjo chini ya mawe ni alama ya volkeno, miamba ya asili iliyopinduliwa kichwa chini na kwatzi yenye mistari ya mshtuko ni alama ya kimondo.

Mchangiaji: Na almasi? Nimesikia zinatoka kwenye mabomba ya namna hii.

Mleta uzi: Naam. Mabomba ya kimbalaiti, mwamba wa volkeno unaobeba almasi, ni ndugu wa mabomba ya maari, ingawa magma yake hutoka zaidi ya kilomita 150 chini, na bado kuna mjadala kama kinachoyalipua ni maji au ni gesi iliyomo ndani ya magma yenyewe. Bomba la Mwadui, Shinyanga, lililogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani yanayochimbwa, na kwa kuwa halijamomonyolewa sana, sehemu yake ya juu bado ina mashapo yaliyotua ndani ya kreta yenyewe. Pengine penye mabomba ya zamani zaidi, mmomonyoko umekwisha kuiondoa sehemu hiyo yote, na wachimbaji hukuta shina tu.

Mchangiaji: La mwisho kutoka kwangu: maari mpya inaweza kutokea wakati wowote?

Mleta uzi: Katika maeneo yenye volkeno ndogo zilizotawanyika, inaweza. Tatizo ni kwamba kila mlipuko huchagua mahali papya, kwa hiyo kulinda shimo la zamani hakusaidii. Kinachosaidia ni vipimo vya mitetemo ya ardhi na ramani ya maji. Jiji la Auckland, New Zealand, limejengwa juu ya eneo lenye volkeno zipatazo 50, na Ziwa Pupuke, lililo ndani ya jiji hilo, ni maari. Wanaopanga tahadhari huko wanazingatia mahali ambapo magma itajitokeza: chini ya bahari na kwenye mashapo yaliyolowa hutarajiwa milipuko na mawingu yanayotambaa, na kwenye miamba mikavu ya miinuko hutarajiwa lava. Kisiwa cha Rangitoto, volkeno changa kuliko zote za eneo hilo, kilipitia hali zote mbili yapata miaka 600 iliyopita: kilianza baharini kwa milipuko ya mvuke na majivu yaliyolowa, kisha kilipoinuka vya kutosha kuyazuia maji ya bahari yasiifikie magma, milipuko hiyo ikakoma na lava ikaanza kutiririka.